Timu ikihama, shabiki anabaki na nini? Kisa cha Oakland A's na Rickey Henderson

Jioni ya Juni 13, 2023, watu 27,759 waliingia kwenye uwanja wa Oakland Coliseum, jimboni California, Marekani. Walikwenda kuangalia timu iliyokuwa inashika mkia kwenye ligi nzima ya besiboli.

Msimu ule timu hiyo, Oakland Athletics au A's kwa kifupi, ilikuwa inavuta wastani wa watu kama 10,000 tu kwa mechi. Sasa iweje siku ya katikati ya wiki uwanja ufurike?

Jibu lilikuwa kwenye fulana zao. Maelfu walivaa kijani, na kifuani kulikuwa na neno moja tu: UZA. Walikuwa wanamwambia mmiliki, bilionea John Fisher, aiuze timu kwa mtu mwingine badala ya kuihamishia Las Vegas.

Raundi ya tano ilipoanza, uwanja ukakaa kimya kwa mpigaji wa kwanza. Halafu kelele zikalipuka: "Uza timu! Uza timu!"

Kisa hiki kinaonyesha maana ya kuipenda timu na mchezaji wake kwa moyo wote, halafu ukagundua kwamba timu si yako.

Mgomo wa kinyume

Kwa kawaida shabiki mwenye hasira hagusi uwanja. Anakaa nyumbani, viti vinabaki vitupu, tajiri anakosa hela.

Mashabiki wa A's walifanya kinyume. Hoja iliyokuwa inatolewa ni kwamba Oakland hakuna watu wa kuijaza Coliseum. Wao wakaamua kuijaza kwa siku moja ili kuonyesha kwamba watu wapo, ila wamechoka kuonekana wajinga.

Na walikuwa na sababu ya kuchoka. Mwaka 2022 timu iliwaachia nyota wake mmoja baada ya mwingine: Matt Olson akaenda Atlanta, Matt Chapman akaenda Toronto, na mwisho wa mwaka Sean Murphy naye akaondoka. Bajeti ya mishahara ikashuka hadi chini kabisa kwenye ligi. Uwanja nao ulikuwa hoi. Mwaka 2013 maji taka yalifurika hadi vyumba vya kubadilishia nguo, na mwaka 2023 mnyama pori alikutwa ameweka makazi kwenye chumba cha watangazaji.

Usiku ule wa mgomo A's waliwafunga Tampa Bay Rays 2-1, na Rays ndio walikuwa wanaongoza ligi nzima wakati huo. Ulikuwa ushindi wa 7 mfululizo kwa timu ambayo ilikuja kumaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 50 na kupoteza 112. Timu ilitangaza kwamba mapato ya tiketi za siku hiyo yatakwenda kwa hisani.

Lakini siku mbili baadaye, Juni 15, gavana wa Nevada alisaini sheria ya kutoa hadi dola milioni 380 za umma kusaidia ujenzi wa uwanja mpya Las Vegas.

Mtoto wa Oakland

Ili uelewe kwa nini iliwauma kiasi hicho, lazima umjue Rickey Henderson.

Alizaliwa Chicago siku ya Krismasi mwaka 1958, ndani ya gari, mama yake akiwa njiani kwenda hospitali. Akalelewa Oakland na kusoma shule ya sekondari ya Oakland Technical. Juni 1979, akiwa na miaka 20, akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu akiwa na A's, timu ya mji wake.

Kazi yake kubwa ilikuwa "kuiba". Usishtuke, kwenye besiboli kuiba ni halali.

Iko hivi. Uwanja una vituo vinne, na kati ya kituo kimoja na kingine kuna mita 27 hivi. Mchezaji akivizunguka vyote na kurudi pale alipoanzia, timu inapata alama moja. Mara nyingi anasogea pale mwenzake anapoupiga mpira. Lakini mwenye mbio na roho ngumu hasubiri. Mrushaji akianza tu kurusha mpira, yeye anachomoka kwenda kituo kinachofuata. Mdakaji naye anaudaka mpira na kuutupa kule anakokimbilia. Mpira ukitangulia na akaguswa nao kabla hajafika, ametolewa. Akitangulia yeye, ameiba kituo.

Rickey alikuwa bingwa wa shughuli hiyo. Alikuwa anajirusha kifudifudi, mikono mbele, vumbi linatimka. Mwaka 1982 aliiba vituo 130 katika msimu mmoja, na mpaka leo hakuna aliyefika hapo katika zama za sasa za mchezo huo. Mei 1, 1991, pale pale Coliseum, alivunja rekodi ya maisha ya Lou Brock ya vituo 938. Alikinyanyua kituo chenyewe juu ya kichwa, kisha akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba yeye ndiye mkubwa kuliko wote. Wapo waliosema anaringa. Oakland walimpenda hivyo hivyo.

Alipostaafu alikuwa na vituo 1,406. Piga hesabu: mchezaji wa leo akiiba 70 kwa msimu inakuwa habari kubwa. Akiiba 70 kila mwaka kwa miaka 20, bado atapungukiwa na 6.

Naye pia aliondoka, lakini alirudi

Hapa kuna jambo la kuvutia. Rickey hakucheza Oakland peke yake. Katika misimu yake 25 alipita kwenye timu 9. Desemba 1984 A's walimpeleka New York Yankees, kwa sababu Marekani timu hubadilishana wachezaji, na mara nyingi mchezaji hana la kusema.

Mashabiki waliumia, lakini hawakumfuta moyoni. Juni 1989 akarudi, na miezi michache baadaye A's wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga majirani zao San Francisco Giants mechi 4-0. Ndiyo ile fainali iliyokatizwa na tetemeko kubwa la ardhi la Oktoba 17, 1989. Mwaka 1990 Rickey akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake.

Akaondoka tena mwaka 1993, akarudi 1994. Akaondoka, akarudi 1998. Jumla aliichezea Oakland kwa vipindi vinne tofauti. Mwaka 2009 akaingia kwenye jumba la heshima la besiboli, na mwaka 2017 eneo la kuchezea la Coliseum likapewa jina lake.

Ndiyo maana shabiki wa A's alijifunza kuvumilia mchezaji kuondoka. Mchezaji huenda na huenda akarudi. Timu yenyewe kuondoka, hilo ni jambo jingine.

Kwani timu inahamaje?

Kwa msomaji aliyezoea soka, hapa ndipo kichwa kinauma. Kwenye soka klabu ikifanya vibaya inashuka daraja, lakini inabaki mjini kwake. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, haina kupanda wala kushuka. Ina timu 30, na kila timu ni biashara yenye mwenyewe na kibali cha kufanya kazi eneo fulani. Mji ukitaka timu, haiwezi kupanda kutoka chini. Ni mpaka ligi iongeze nafasi, au mji mwingine upoteze yake.

Hilo linawapa wamiliki nguvu. Wanaweza kuuambia mji: tujengeeni uwanja, la sivyo kuna mji mwingine unatusubiri.

Na sheria iko upande wao. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za kuzuia ukiritimba haziihusu besiboli. Kwa hiyo wamiliki wenyewe ndio wanaoamua nani ahame. Kinachotakiwa ni robo tatu ya kura zao.

Upande wa timu ulidai kwamba uwanja umechakaa na mazungumzo ya kujenga mwingine Oakland yamechukua miaka mingi bila kufika mwisho. Viongozi wa mji walisema walikuwa wamekaribia kukubaliana. Novemba 16, 2023 wamiliki walipiga kura. Matokeo: 30 kwa 0, timu ihame.

Mashabiki hawakuwa na kura hata moja.

Tuwe wakweli pia: Oakland nayo ilipata timu hii kwa njia hiyo hiyo. A's walianzia Philadelphia mwaka 1901, wakahamia Kansas City mwaka 1955, wakafika Oakland mwaka 1968. Watoto wa Kansas City nao walilia. Na Oakland walikuwa wameshapoteza Golden State Warriors wa mpira wa kikapu, waliovuka daraja kwenda San Francisco mwaka 2019, na Raiders wa futiboli ya Kimarekani, waliokwenda Las Vegas mwaka 2020. A's walikuwa wa mwisho kubaki.

Siku ya mwisho

Septemba 26, 2024, A's walicheza mechi yao ya mwisho Oakland. Watu 46,889 walikuwepo. Misimu 57, mataji manne, na sasa basi.

Kabla ya mechi, Rickey Henderson na Dave Stewart, mwenzake wa kikosi cha 1989 na mtoto mwingine wa Oakland, walirusha mipira ya ufunguzi. A's wakawafunga Texas Rangers 3-2.

Baada ya mechi hakuna aliyetaka kuondoka. Kocha Mark Kotsay, ambaye naye aliwahi kuichezea timu hiyo, alishika kipaza sauti, akawashukuru mashabiki, kisha akawaomba waimbe "Twende Oakland" mara moja zaidi. Wapo walioondoka na udongo wa uwanja kwenye chupa na mifuko.

Miezi mitatu haikuisha. Desemba 20, 2024, Rickey akafariki kwa homa ya mapafu. Zilikuwa zimebaki siku tano atimize miaka 66.

Kwa shabiki wa Oakland ilikuwa misiba miwili ndani ya msimu mmoja. Januari 2025 watu walikusanyika kumuaga kwenye ukumbi wa Oakland Arena, uliopo jirani kabisa na Coliseum iliyokuwa imeachwa tupu.

Mashabiki wako wapi sasa?

Tangu 2025 A's wanacheza Sacramento, kwenye uwanja mdogo unaobeba watu kama 14,000, wakisubiri ule wa Las Vegas unaopangwa kufunguliwa mwaka 2028. Kwa sasa hawatumii jina la mji wowote. Wanaitwa Athletics, basi.

Mashabiki waliobaki wamegawanyika. Wapo wanaoendelea kuifuata timu kwa sababu jezi ni ile ile. Wapo walioacha kabisa kuangalia besiboli. Na wapo waliohamia kwa Oakland Ballers, timu ndogo iliyoanzishwa baada ya habari za kuhama, ikaanza kucheza ligi ya chini ya Pioneer mwaka 2024 kwenye bustani ya Raimondi, Oakland Magharibi.

Ballers walifanya kitu ambacho A's hawakuwahi kufanya: waliwauzia mashabiki wa kawaida sehemu ya hisa. Mwaka 2025 wakachukua ubingwa wa ligi yao. Wanaofuatilia soka la Uingereza watakumbuka Wimbledon. Klabu iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes, mashabiki walianzisha yao, AFC Wimbledon, mwaka 2002.

Besiboli ya Ballers si ya kiwango cha akina Rickey, na hakuna anayedanganya kwamba ni sawa. Lakini aliyenunua hisa anajua kitu ambacho wale 27,759 hawakuwa nacho usiku ule wa fulana za kijani: safari nyingine akisema "timu yangu", kidogo itakuwa yake kweli.

Wewe je, timu unayoipenda ni ya nani kwenye karatasi? Ni swali zuri kuuliza mapema, kabla hujalazimika kulijua jibu.