Gari Linalotetemeka na Watu Wake

Jumapili jioni, gari la michezo la milango miwili likipita Main Street mjini Jinja huku ekzosi ikinguruma, hukumu hutolewa kabla halijafika mwisho wa barabara. Wahuni hao. Wana wa matajiri wasio na kazi. Mbale mambo ni yaleyale: gari likizunguka mnara wa saa mara ya pili, watu husonya. Anayelaza watoto kando ya barabara ana haki ya kulalamika, maana kelele ya saa nne usiku ni kelele. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba wenye magari hayo hawana lolote ila fujo ni kuwaonea. Ni jamii yenye wakubwa na wadogo, yenye adabu zake, na adabu hizo zinapotea bila yeyote kuzihesabu.

Anayetaka kuwajua asiwavizie barabarani. Awafuate gereji Jumamosi asubuhi. Hapo mwenye gari haachi funguo akaenda zake; hukaa. Kukaa na gari lako linapofunguliwa ndiyo adabu ya kwanza: unashika tochi, unapokea nati na kuzipanga mahali pakavu, unaagiza chai ya fundi na ya wanafunzi wake, unanyamaza. Uwe daktari, uwe mfanyabiashara wa mchele, ukifika pale fundi ni Mzee, na kijana anayeosha beringi kwa dizeli haitwi "wewe". Stika, taa za buluu na spika za kutikisa vioo zipo pia, na hazihitaji maneno mengi kuliko hayo.

Kinachostahili maneno ni rimu.

Tuchukue mfano wa Toyota Celica ya kizazi cha mwisho, iliyoundwa kati ya 1999 na 2006. Gurudumu lake linashikwa na stadi 5 zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, sawasawa na Subaru Impreza nyingi. Kwa kuwa Subaru zimejaa Uganda, rimu zake ndizo zinazopatikana, na kijana akizijaribu kwenye Celica zinaingia bila ugomvi. Anafurahi. Hajui kwamba tundu la katikati la rimu ya Subaru lina upana wa milimita 56.1, na kitovu cha habu ya Celica kina 54.1. Milimita 2 hizo zinatosha. Rimu haikai tena juu ya habu; inaning'inia kwenye nati, na ikikazwa upande mmoja kwanza hukaa nje ya katikati yake. Mjini hutasikia kitu. Ukifika kilomita 80 kwa saa, usukani unaanza kutikisika mikononi.

Dawa yake ni pete nyembamba, ukuta wake milimita 1, inayojaza pengo hilo. Pete za plastiki huuzwa, lakini wakongwe wa Jinja hupenda ya alumini iliyokerezwa na fundi wa chuma, na Jinja haikosi mafundi hao: ni mji uliojengwa kwa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954. Kabla ya kuvisha pete, uso wa habu husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe na chuma kionekane. Kisha nati, nazo zina masharti. Uzi wa stadi ya Toyota una hatua ya milimita 1.5, wa Subaru 1.25, kwa hiyo anayechukua rimu pamoja na nati zake atakula stadi zote. Nati nyingi za rimu za asili za Toyota hukaa bapa na zina wosha. Rimu za dukani kwa kawaida hutaka nati yenye ncha ya mviringo unaochongoka. Hukazwa kwa kuvuka, hii kisha ile inayoikabili, gurudumu likiwa bado halijabebeshwa uzito wote wa gari. Na baada ya kilomita kama 100 mwenye gari hurudi zikazwe tena. Asiyerudi huambiwa waziwazi, mbele ya watu, na hakuna anayemtetea.

Baada ya hapo ni kutoka kulijaribu gari. Njia ya Jinja kwenda Mbale, kama kilomita 145, inafaa kuliko kifaa chochote. Hadi Iganga barabara imechoshwa na malori ya miwa na huwezi kusema kitu cha uhakika. Mtetemo ukija, hujui ni gari au ni lami. Ukipita Nakalama na kushika njia ya Tirinyi, ardhi inalala, mashamba ya mpunga yanatandaa pande zote, na lami inanyooka kuelekea kinamasi cha mto Mpologoma. Hapo fundi, aliyekaa kiti cha abiria, huzima redio. Mtetemo unaokuja kwenye usukani umetoka mbele. Unaokuja kwenye kiti umetoka nyuma. Unaoanza kwenye kilomita 80 na kutulia ukizidi 110 kwa kawaida ni balansi. Unaokuja ukikanyaga mafuta tu na kupotea ukiachia, upekue shafti na viungo vyake vya ndani. Unaokuja ukikanyaga breki ni diski, na huo huwapata sana wanaoteremka kutoka Kapchorwa mguu ukiwa juu ya breki mlima mzima. Na gari linaloyumba hata katika kilomita 30 lina rimu iliyopinda au tairi lililovimba, halina haja ya kufika Tirinyi.

Mwenye gari haruhusiwi kutaja ugonjwa. Anaeleza dalili tu.

"Mzee, gari linatetemeka. Nadhani ni boljointi."

"Sikukuuliza hilo, mwanangu. Linatetemeka ukikanyaga breki au ukiachia?"

"Nikiachia. Nikifika themanini."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilipanda Wanale. Kulinyesha."

"Basi usiguse boljointi. Fungua magurudumu yote manne, uyaoshe kwa ndani."

Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Elgon ukikauka ndani ya rimu hushika kama saruji. Magurudumu husawazishwa kwa vipande vya risasi au chuma vinavyopanda gramu 5 kwa 5. Bonge la udongo linaweza kuwa na gramu 50 na zaidi. Mtu asiyekaa na Mzee angenunua boljointi mbili, tairodi mbili, na mtetemo ungebaki palepale. Huu ndio ustaarabu wenyewe: kukataza pesa isitumike kabla ya ndoo ya maji kutumika.

Jambo jingine ambalo wageni huliona kama uvivu lipo Mbale. Agosti ya mwaka wa tohara ya imbalu, kama 2022 na 2024, gari lililo juu ya jeki husubiri, kwa kuwa wanafunzi wa fundi wamekwenda kumsindikiza ndugu anayetahiriwa na barabara zimejaa ngoma ya kadodi. Mwenye gari muungwana hapigi honi. Hata ekzosi yake kubwa, siku hiyo, huizima akasubiri wachezaji wapite.

Husemwa pia kwamba mapenzi ya magari haya yaliletwa na filamu za Marekani. Si kweli. Mashindano ya rali ya Safari yalianza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na watoto wa Uganda waliyaona magari yale kwa macho yao kabla ya kuona sinema yoyote ya namna hiyo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann aliishinda Safari kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya silinda 6 na lita 2.4. Mwaka 1973 gari la aina hiyohiyo lilishinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia 1972. Alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi, kisha akarudi kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Charles Muhangi alikuwa bingwa wa rali wa Afrika 1999. Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa 2011, akiwashinda wanaume wote waliokuwamo. Anayemwita kijana wa Mbale mwigaji wa Hollywood hajui anazungumzia nchi gani.

Siku hizi hali inabana. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda gari lililozidi miaka 15 tangu liundwe, na kwa kuwa Celica iliacha kuundwa 2006, mlango wake umeshafungwa. Zilizopo ndizo hizohizo. Kila moja inayovunjwa kwa ajili ya vipuri hairudishiwi nyingine.

Na zinavunjwa kwa sababu za kijinga. Kijana huagiza rimu kwa simu, hufungiwa dukani kwa bunduki ya upepo kwa dakika chache, kisha gari hutetemeka. Anapelekwa kwenye mashine ya balansi. Mashine hulishika gurudumu kwa koni inayoingia kwenye tundu la katikati, kwa hiyo hulipima likiwa katikati barabara na kuandika sifuri. Inasema kweli: gurudumu ni zima. Ila mashine haijui kwamba habu ya gari hili ni ya 54.1. Gurudumu linarudishwa, linaning'inia tena kwenye nati, mtetemo unarudi. Analipa balansi ya pili, ya tatu, anabadili shokapu, anakata tamaa, anauza gari vipande vipande. Pete moja ingelitosha, na Mzee angeiona kabla chai haijapoa.

Vijana waliokaa miaka kwa Mzee wakiosha beringi wamepungua, na hilo linauma kuliko sheria ya umri wa magari. Serikali imejenga kiwanda cha Kiira Motors hapohapo wilaya ya Jinja, cha mabasi, yakiwemo ya umeme, na inataka mafundi vijana. Basi la umeme nalo lina habu, stadi na nati. Vyuo vya ufundi vya Jinja na Mbale vingewapa wazee hawa kiti na mshahara wa mwalimu, hata kama hawana cheti, na kuwapandisha wanafunzi kwenye magari yao hadi Tirinyi, redio ikiwa imezimwa.