Je, Wajua? Mfarishi Usiovuja

Je, wajua kwamba adui wa kwanza wa mfarishi usiopitisha maji ni sindano ile ile inayoushona? Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha juu, kijazo cha pamba au poliesta katikati, na kitambaa cha mgongoni. Kwa kawaida mishono hupenya tabaka zote ili kijazo kisijikusanye upande mmoja. Ukishona hivyo juu ya mgongo wa plastiki au mpira, kila tundu ni mlango wa maji, na matundu yenyewe hayahesabiki. Fundi anayeijua kazi hii hushona kwanza kitambaa cha juu pamoja na kijazo mpaka amalize. Mgongo usiopitisha maji huja mwisho, na hushikizwa kwenye pindo tu.

Pini nazo hutoboa. Tumia vibanio, hata vile vya kuanikia nguo vinafaa.

Uzi je? Wa pamba hunywa maji na kuyavusha upande wa pili kama utambi wa taa. Chukua wa poliesta, na urefushe mshono ufike milimita 3 au zaidi, kwa sababu mishono iliyobanana huchana kitambaa. Mguu wa cherehani ukinata kwenye plastiki, weka karatasi nyembamba juu yake, ushone, kisha uichane.

Je, wajua kwamba mwaka 1823 Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji? Aliyeyusha mpira kwa nafta iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, akaupaka katikati ya vitambaa viwili. Kwenye joto kitambaa hicho kilinata, kwenye baridi kikakakamaa. Ufumbuzi ulitokana na kuupasha mpira joto pamoja na salfa, njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1844. Makintoshi ya wodini, ule mpira ambao mama mjamzito huambiwa aende nao kujifungua, chimbuko lake ni huko.

Siku hizi kipo kitambaa bora kwa mfarishi wa kufuliwa: poliesta iliyobandikwa utando mwembamba wa poliyurethani, kile kinachotumika kwenye nepi za kufua. Ni laini, hakipigi kelele mtoto akijigeuza, na hustahimili kufuliwa mara nyingi. Plastiki ya kufunikia meza ni rahisi kupatikana na inatosha kwa kukalia nyasi zenye umande, lakini kitandani huleta joto, na ikikunjwa sana hupasuka.

Je, wajua kwamba kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yanayokaribia asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta hubeba asilimia 0.4 tu? Ndiyo maana poliesta hukauka upesi. Kwa mfarishi wa matembezi, jaza poliesta. Kwa mtoto au mgonjwa asiyeamka kitandani napendelea pamba nyembamba, kwa sababu huunyonya mkojo papo hapo badala ya kuuacha utiririke hadi pembeni.

Sufi ya mito yetu ya kulalia ya Pwani ina maajabu yake. Unyuzi wake una uwazi ndani na nta nje, hivyo haunywi maji bali huelea. Zamani ndiyo iliyojazwa kwenye maboya ya kuvaa melini. Wajapani walipoiteka Java, chanzo kikuu cha sufi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ililazimika kuwatuma watoto wakaokote nyuzi za magugu porini zitumike badala yake. Hata hivyo, kwenye mfarishi wa kufuliwa usiitie: hufanya mabonge.

Je, wajua kwamba Wasiddi wa Karnataka, India, wenye asili ya Afrika, hushona mifarishi kwa mkono kutokana na nguo kuukuu, wakianzia pembeni na kuzunguka hadi katikati? Kila pembe huwekewa kipande cha pembetatu wanachokiita ua, na bila maua hayo kazi huonekana haijakamilika.

Kwetu, khanga moja, yenye takriban sentimita 150 kwa 110, hutosha kitanda cha mtoto bila kuungwa. Ifue kabla ya kuikata, maana pamba hurudi na rangi huchuja.

Katika kila watoto 100 wa miaka mitano, wapatao 15 bado hukojoa kitandani. Si uvivu wala ukaidi, na wengi huacha wenyewe wanavyokua. Mtoto huyu asichapwe wala asiitwe kikojozi mbele ya wenzake. Mshonee mfarishi.

Kufua: sabuni ya kawaida inatosha. Dawa ya klorini huharibu utando, dawa ya kulainisha nguo huipunguzia pamba uwezo wa kunyonya, na pasi huuyeyusha utando. Anika upande wa khanga ukielekea jua.

Kabla ya kuutandika mfarishi, weka gazeti chini, mimina kikombe cha maji katikati, subiri nusu saa. Gazeti likilowa, fumua pindo uanze upya. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asifunikwe nao kamwe. Plastiki na nguo nzito karibu na pua yake ni hatari.