Kiboko wa Jipe, Jamaa ya Nyangumi

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, wageni hufika Watamu kutafuta nyangumi. Huingia mashuani alfajiri, wakaongozwa na mabaharia hadi bahari kuu, wakangoja mgongo mweusi utokeze na kupuliza mvuke juu. Mtu wa Voi akisikia habari hizo hudhani si zake, kwa kuwa bahari iko mbali naye. Lakini wataalamu wa viumbe wamethibitisha kwamba katika wanyama wote walio hai, aliye karibu zaidi na nyangumi na pomboo kwa nasaba ni kiboko. Na viboko tunao hapa Taita Taveta, katika ziwa Jipe.

Ukitoka Voi unashika njia ya Taveta, unapita Mwatate, Bura na Maktau, kisha unakata kushoto mpaka ufukoni. Upande mmoja ni mbuga ya Tsavo Magharibi. Ng'ambo ni milima ya Upare, nchini Tanzania, maana mpaka wa nchi hizi mbili umepita katika maji hayo.

Tuliingia mtumbwini asubuhi, kabla ya upepo kuamka. Aliyetuongoza alikuwa mzee aliyekulia uvuvi. Alitukataza kusimama, akatukataza kupiga kelele, kisha akawa anagonga ubavu wa chombo kwa pondo ili wenye maji wajue tunakuja. Hakupita hata mara moja baina ya kiboko na kilindi, kwani kiboko akizibiwa njia ya kukimbilia hugeuka adui.

"Mzee, wako wangapi?" nikamwuliza.

"Hesabu masikio, bwana. Na waliozama hutawahesabu."

Kweli, tulichoona kwanza ni masikio, macho na matundu ya pua tu, yote juu ya maji. Kiboko mkubwa hupita tani moja na nusu kwa uzito, naye aweza kukaa chini ya maji kwa dakika tano hivi. Haogelei kama samaki. Hutembea juu ya tope la chini. Mama huweza kuzaa majini na kunyonyesha majini, kama nyangumi afanyavyo. Wote wawili pia husemezana kwa sauti zipitazo chini ya maji. Babu yao mmoja aliishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita: kizazi kimoja kikaifuata bahari, kingine kikabaki kando ya mito na maziwa, kikitoka usiku kula majani.

Na hapo usiku ndipo taabu inapoanzia. Shamba la mahindi lililo karibu na ziwa halina salama mbele ya kiboko mwenye njaa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka njia ya kudai fidia, lakini mwenye shamba hali karatasi. Watoto wake wanataka chakula jioni ileile.

Ziwa lenyewe nalo linasongwa. Mto Lumi, unaoleta maji kutoka upande wa Kilimanjaro, huleta pia udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mashamba yaliyolimwa hadi kingoni. Udongo ukituama, matete hupata pa kuota, na maji yaliyo wazi hupungua. Mvuvi anayetafuta perege hulazimika kupita katika vichochoro vya matete, na mara nyingi kichochoro hicho ndicho njia ya kiboko. Wakikutana humo, hakuna pa kupishana.

Kwa hiyo asiyetaka kumwona kiboko ziwani asitumaini kwamba maji yakipungua kiboko atatoweka kimya. Atakuja kwanza mashambani. Kuutunza mto Lumi tangu huko juu ni kumlinda mkulima na mvuvi kabla ya kumlinda mnyama.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee yule alipokea nauli yetu, akaifunga katika ncha ya shuka, akasema kwamba siku akipata wageni hahitaji kutega nyavu mle vichochoroni. Msomaji wa Voi, wa Wundanyi au wa Mwatate asingoje watu wa ng'ambo waje kumpa mzee huyo siku kama hiyo. Jamaa ya nyangumi yuko hapa nyumbani.