Rali kwa mwenye feza kidogo: kuanza na kiti cha kopilote, kumalizia na motere

Mwaka 1965, fundi wa magari wa Kenya, Joginder Singh, alishinda rali ya East African Safari pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari yao, Volvo PV544, haikuwa mupya. Ilikuwa imekwisha kukimbia Safari ya mwaka 1964 katika mikono ya watu wengine, kisha Joginder akainunua. Yeye alijifunza kazi katika garaji ya baba yake. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara hizo akiwa ndani ya Mitsubishi Lancer.

Habari hiyo ingali na maana kwa vijana wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wanaoshinda chini ya magari kutoka asubui mpaka jioni, na wanaosikia kila siku kwamba rali ni muchezo wa matajiri. Ni kweli kwamba gari za mbele zinakula feza nyingi sana. Lakini kuko mulango mwingine, mudogo zaidi. Wengi wanaukosa kwa sababu moja: wanatumia feza yote kwa motere, na siku ya mashindano inafika wakiwa hawana hata kaske inayokubaliwa.

Mashindano hayako mbali. Rwanda iko na Rwanda Mountain Gorilla Rally, Uganda iko na Pearl of Africa Rally, na zote mbili zimekwisha kuhesabiwa katika shampionati ya Afrika. Safari ya Kenya ilirudi katika shampionati ya dunia mwaka 2021, karibu na Naivasha, kisha kukosekana tangu mwaka 2002.

Namna rali inavyokimbiwa

Rali si magari kumi kuanza pamoja. Kila gari inaondoka peke yake, kisha dakika moja, mbili ao zaidi inafuata nyingine. Kuko sehemu za mbio, ambazo barabara inafungwa kabisa, na kuko sehemu za kuunganisha, ambazo gari ya rali inatembea kati ya magari ya watu wote na kuheshimu sheria za barabara. Saa za sehemu zote za mbio zinajumlishwa, na mwenye saa kidogo ndiye mushindi.

Kuko pia vituo vya kupima saa. Kufwatana na kanuni za shirikisho la dunia, FIA, kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo inaongeza sekunde 10. Kufika mapema ni mubaya zaidi: kila dakika inaongeza dakika nzima. Kwa hiyo mutu mwenye gari ya polepole lakini mwenye kuhesabu saa vizuri anaweza kumupita mwenye gari ya nguvu anayefanya fujo.

Kuanza pasipo gari

Njia ya bei ya chini kuliko zote ni kuanza pasipo gari. Rali inahitaji watu wengi wa kusimama kandokando ya barabara, kuangalia saa, kuzuia watu na kuinua bendera. Ni kazi ya kujitolea. Anayeifanya siku mbili anaona makosa ya wengine pasipo kulipa kitu. Fundi naye anaweza kujiunga na kundi linalotengeneza gari ya mutu mwingine kati ya sehemu za mbio, mahali dakika zinahesabiwa.

Hatua ya pili ni kiti cha kopilote. Kopilote si mwenzi wa safari tu. Mbele ya mashindano, yeye na shofere wanapita barabara polepole na kuandika kila kona: inaelekea wapi, ni kali namna gani, iko na shimo ao daraja mbele. Siku ya mbio, kopilote anasoma na shofere anafuata sauti yake hata pale ambapo macho hayaoni. Mazoezi yake hayaombi feza. Katika taxi ao gari ya jamaa, kwa mwendo wa kawaida wa 40 kwa saa, mutu anaweza kuandika kona zote za kilomita tano, kisha siku nyingine kuzisoma na kuangalia kama maandiko yanafanana na barabara.

Jambo moja halina mazungumuzo: mbio hazijifunzwi kwenye barabara ya watu. Wanafunzi, wachuuzi na chukudu hawakufungiwa njia. Hata pale penye kupangwa, hatari iko. Mwaka 1986, katika rali ya Ureno, gari moja iliingia katika watazamaji na watatu wakafa. Mwishoni mwa mwaka ule, magari ya nguvu kubwa ya Kundi B yaliondolewa katika shampionati ya dunia.

Gari gani?

Kwa mwenye kuanza, gari nzuri ni ile ambayo piyesi zake zinapatikana sokoni na ambayo fundi wa mutaa anaijua. Toyota Starlet, Corolla ao Vitz ya motere ndogo, inayovutwa na pine mbili, inatosha. Gari ya turbo na pine nne inavutia, lakini inakula mafuta, pine na sanduku la vitesi. Shofere mupya katika gari ndogo analazimika kujifunza kutunza mwendo kwenye kona, kwa sababu motere haiwezi kumufichia makosa.

Kabla ya kununua, ni lazima kusoma kanuni za mashindano ya kwanza ambayo mutu anataka kukimbia. Ndizo zinasema ni magari gani yanakubaliwa.

Feza inaenda wapi kwanza

Mupango wa watu waliozoea uko hivi: kwanza uzima, pili freni, tatu amortisere na ngao ya chuma chini ya motere, ine pine. Motere inakuja mwisho.

Uzima ni kizimba cha chuma ndani ya gari, viti vya mashindano, mikaba, kaske, kinga ya shingo, nguo zisizoshika moto haraka, na kizimia moto. Vingi vinanunuliwa mara mbili, sababu ndani ya gari kuko watu wawili. Kizimba hakitengenezwi kwa bomba la maji: kanuni zinataja aina ya bomba na unene wake. Mikaba na viti viko na lebo ya mwaka. Ukipita, mukaguzi anakataa. Kwa hiyo mukaba wa bei ya chini ambao mwaka wake umepita ni feza iliyotupwa. Kaske iliyokwisha kupigwa katika ajali isinunuliwe, hata kama inangaa.

Freni nazo zinapona kwa bei kidogo. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewani, na yakichemka kwenye muteremuko, mukuu unashuka mpaka chini pasipo gari kusimama. Kuyabadilisha mbele ya kila mashindano ni bei ndogo kuliko gari.

Hesabu ya mashindano moja

Kwa mufano, rali iko na kilomita 80 za mbio na kilomita 150 za kuunganisha, na kupita barabara kwa kuandika kona kunaomba kilomita 300. Kama gari inakula litre 25 kwa kilomita 100 katika mbio na litre 10 kwa mwendo wa kawaida, ni litre 20 za mbio, 15 za kuunganisha na 30 za kuandika kona. Jumla ni litre 65, na mbio zenyewe hazifiki hata sehemu moja kati ya tatu. Mafuta ya gari ya mafundi, chakula, malalo na feza ya kujiandikisha havijahesabiwa.

Kwa anayevuka mupaka, kuko pia karatasi za gari, permi, na lisansi ya muchezo ambayo shirikisho linatoa. Vizuri kuuliza waandaaji mapema wanakubali lisansi gani. Uganda inatembea upande wa kushoto, na kwenye sehemu za kuunganisha kosa hilo linaweza kuua. Tena, asiransi ya kawaida kwa desturi hailipi hasara ya mashindano. Ndiyo sababu kiwanja cha familia ao feza ya masomo ya watoto haviwekwi ndani ya gari ya rali. Inayowekwa ni feza ambayo mutu anaweza kuipoteza siku moja na kesho yake nyumba ikaendelea kula.

Na lengo la mwaka wa kwanza si kushinda, ni kufika. Safari ya mwaka 1963 ilianza na magari 84, ile ya mwaka 1968 na magari 93. Kila mara, yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu.