Ua la Jack Edmonds

Waambie watu 40 wajipange wawili wawili. Kompyuta inayokagua mipangilio bilioni 1 kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka milioni 10 kuipitia yote. Hata hivyo, walikuwapo wanahisabati waliolidharau swali la kutafuta mpangilio bora: idadi ina mwisho, basi hesabu mpaka ukome.

Jack Edmonds hakukubali. Mmarekani huyu, aliyezaliwa 1934, alikuwa na shahada ya uzamili tu alipoanza kulishughulikia, akiwa mtafiti katika taasisi ya serikali ya viwango na vipimo. Makala yake ya 1965, kuhusu njia, miti na maua, ndiyo iliyomjengea jina.

Chora nukta kwa kila mtu, na mstari kati ya wawili wanaoweza kuungana. Kama makundi ni mawili, mathalani vibarua na kazi, mbinu za zamani zilitosha. Taabu huanza pale yeyote anapoweza kuungana na yeyote, maana hapo huzuka mizunguko ya idadi witiri: nukta tatu, tano, saba. Ukizunguka kwa kulia unapata jibu hili, kwa kushoto jibu lile, na hesabu inakupotea. Edmonds alifanya jambo ambalo hadi leo linanisisimua. Aliufinya mzunguko mzima ukawa nukta moja, akauita ua, akaendelea na safari. Mwishoni ua linachanua upya, na kila petali inapata mwenzake.

Katika makala hiyohiyo alisimama kidogo kutetea hoja nzito zaidi: mbinu nzuri ni ile ambayo kazi yake, idadi ya nukta ikiongezeka mara mbili, huongezeka kwa kiasi kinachovumilika, haiwi mlima usiopandika. Sehemu muhimu ya sayansi ya kompyuta imejengwa juu ya hoja hiyo. Mwaka 1969 alihamia Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na 1985 akapata Tuzo ya Nadharia ya John von Neumann.

Mwaka 2005 Alvin Roth, Tayfun Sönmez na Utku Ünver waliitumia nadharia ya Edmonds kwa wagonjwa wa figo. Mke yuko tayari kumtolea mumewe figo, lakini damu zao haziafikiani. Kwingineko kuna ndugu wawili wenye shida ileile. Kila jozi ni nukta. Mstari huchorwa pale jozi mbili zinapoweza kubadilishana. Kisha kompyuta hutafuta maua, iyafinye, iyachanushe, mpaka wapatikane wengi kadiri inavyowezekana wa kuingia chumba cha upasuaji.