Kifurushi cha Programu: Nani Abebe Uzito?

Katika kijiji cha Kasoli, wilayani Bariadi, kipo kiwanda cha kuchambua pamba. Humo nyuzi hutenganishwa na mbegu, kisha hushindiliwa na kufungwa kuwa marobota. Kila robota hutiwa alama, ili mpokeaji alitambue bila kulifumua. Mtengenezaji wa programu za kompyuta naye hukabiliwa na swali hilo hilo la ufungaji.

Programu aghalabu si faili moja, bali ni mkusanyiko wa mafaili mengi. Tena huhitaji msaada wa programu nyingine ziitwazo maktaba, ambazo hutumiwa kwa shirika. Mafaili hayo yakifungwa pamoja huitwa kifurushi.

Njia moja ya kufunga ni rahisi mno. Slackware, mfumo uliotolewa mwaka 1993, hukusanya mafaili na kuyabana, basi. Ni juu ya mtumiaji kujua ni maktaba zipi zinazohitajiwa. Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka huo huo, ulichagua njia nyingine. Kifurushi chake kina sehemu tatu: ya kwanza hutaja toleo la muundo, ya pili ni mfano wa alama za robota, nayo hueleza jina la programu na maktaba inazozitegemea, ya tatu ni mafaili yenyewe. Kompyuta husoma maelezo hayo na kuagiza kinachopungua.

Je, ipi bora? Tuchukue mfano wa shule isiyo na intaneti. Mwalimu analeta kifurushi cha Debian kutoka mjini. Kompyuta inakikataa kwa kuwa maktaba fulani haipo, wala haina pa kuiagizia. Basi kila kifurushi kingebeba maktaba zake zote, kama ufanyavyo muundo wa AppImage? Kazi ya mwalimu ingepungua. Lakini kifurushi huwa kikubwa, na kasoro ikigunduliwa katika maktaba moja, kila kifurushi kilichoibeba hakina budi kufungwa upya.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ugumu hauondoki, huhamishwa tu, kutoka kwa mtumiaji hadi kwa kompyuta, au hadi kwa mfungaji. Muundo mzuri ni ule unaomtwika uzito yule awezaye kuubeba, na usiomfungia mlango mwingine. Kifurushi cha Debian hufungwa kwa programu za ar na tar, zilizojulikana tangu miaka ya 1970, na maelezo yake ni maandishi ya kawaida. Chombo cha kukisakinisha kikiharibika, mtu aweza kukifungua kwa mkono na kukisoma.

Mwalimu wetu, basi, kabla ya kuondoka mjini, na atoe amri ya dpkg -I ikifuatiwa na jina la kifurushi, atazame mstari wa Depends, kisha achukue na maktaba zilizotajwa humo. Azikague nazo vivyo hivyo, kwani huenda zikahitaji nyingine.

Zoezi: Wanafunzi wafanye ukaguzi huo kwa kifurushi kimoja, kisha wachore mti wa utegemezi wake. Je, una matawi mangapi?