Mtoto Haongei? Ninyi Msiache Kuongea

Unawajua wanandoa wangapi waliokosana kwa sababu mtoto wao amechelewa kuongea? Mimi nawajua wawili wa Chala, wilayani Nkasi, kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda. Majina nayahifadhi. Dada ni mwalimu, shemeji ananunua na kuuza mahindi na maharage. Mtoto wao wa kiume alifikisha miaka mitatu bila kusema "mama". Ukimwita hageuki, lakini mfuniko wa sufuria anaweza kuuzungusha asubuhi nzima.

Maneno yakaanza. Mama mkwe akasema kwenye ukoo wao hakuna watoto wa hivyo. Wifi akashauri waende kwa mganga. Na sifa ya mkoa ule unaijua: hata jina Sumbawanga watu hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Wengine wakasema eti mtoto amechanganywa na Kifipa na Kiswahili. Shemeji akawa kimya, anarudi usiku. Ndoa ikayumba kabla mtoto hajapimwa hata mara moja!

Kosa la nani?

Si la mtu. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na vinasaba vina mchango mkubwa. Hauletwi na malezi, chanjo wala lugha mbili nyumbani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao.

Wala usidhani kumlaumu mama ni mambo ya kwetu tu. Marekani, mwaka 1967, Bruno Bettelheim alitoa kitabu kizima akidai chanzo ni wazazi wenye mioyo baridi. Wakati huo Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1964 kwamba chanzo ni cha kibaiolojia. Sayansi ikampa haki Rimland, lakini akina mama wengi walikuwa wameshabebeshwa lawama.

Anapimwaje?

Hakuna kipimo cha damu. Mtaalamu anamwangalia mtoto anavyocheza na anavyowasiliana, kisha anawauliza wazazi maswali mengi. Masikio nayo hupimwa, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa.

Usisubiri ukiona haya:
• Ana mwaka mmoja na haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole wala kupunga mkono.
• Ana miezi 16 na hana hata neno moja.
• Alikuwa na maneno, yamepotea, kwa umri wowote.

Anzeni zahanati au kituo cha afya. Mkiwa na kadi ya kliniki, semeni wazi wasiwasi wenu, maana mara nyingi siku ya kliniki huishia kwenye mizani na chanjo. Ombeni rufaa kwenda hospitali ya mkoa Sumbawanga, na ikibidi Mbeya. Mrekodini kwa simu akicheza, akila, akikasirika. Ugenini mtoto anaweza kubadilika, video itasaidia.

Na baba aende! Dada yangu wa Chala alimwambia mumewe neno moja tu: "Sikuombi nauli, nakuomba uje usikie mwenyewe." Alikwenda. Akamsikia daktari akisema si kosa la mke wake, na jioni ile ni yeye aliyemweleza mama yake. Mke angeeleza mara mia, asingesikilizwa.

Kazi iko nyumbani

Majibu si mwisho. Mtaalamu mtamwona mara chache kwa mwaka, lakini nyumbani mtoto yupo kila siku. Ndiyo maana WHO ina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3. Msingi wake ni shughuli za kawaida. Mnachambua maharage? Kaa chini, usawa wa macho yake. Akitupa punje kwenye bakuli, nawe tupa. Sema "weka". Subiri. Akijaribu, msifu. Dakika chache kila siku, kwa Kifipa au Kiswahili, lugha mnayoizoea.

Gawaneni zamu: mama apumzike, baba acheze, bibi afundishwe badala ya kutengwa. Shule nayo ni haki yake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema hivyo. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Tatizo ni kwamba aliyeko Ufipa yuko mbali nacho, hivyo wazazi wa huko wana sababu ya kushikana na kudai chao kupitia ofisi ya elimu ya wilaya.

Usonji hautibiwi ukaisha, lakini mtoto anajifunza. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, muulize mwenzio: wewe unaonaje kuhusu mtoto wetu? Kisha umsikilize mpaka amalize.